Kazi za Mikono: Upepo Ukizidi, Rangi Inapotea



Juma hili tunajibu barua. Imetoka kwa kikundi cha wamama ambao, kwa makuta ya likelemba yao, walinunua kompresere na pistole ya rangi ili mabinti wao wapate kazi ya kupaka vitanda, makabati na milango. Kwa yule asiyezijua: kompresere ni mashine inayokusanya upepo ndani ya tangi, kama ile ya kwado anayejaza upepo katika matairi ya pikipiki. Pistole ni chombo cha mkononi kinachotumia upepo huo kupuliza rangi juu ya mbao au chuma.

Barua yenyewe, kwa ufupi, inasema hivi. Kazi yao ya kwanza kubwa ilikuwa kabati ya libuyu yenye milango mitatu. Mwenye kabati aliirudisha. Uso wake ulikwaruza mkono kama mchanga, na sehemu ya chini ya kila mlango ilikuwa na matone makubwa. Rangi iliyonunuliwa kwa kabati nzima iliishia kwenye mlango wa pili. Jirani naye akalalamika kwamba nguo alizoanika zimejaa vidoadoa. Saa ya upepo ilikuwa kwenye bari 5, kwa sababu fundi aliyeleta mashine aliiweka hapo akisema nguvu nyingi ndiyo kazi mbio.

Sasa kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema binti anayepaka hana mkono wa kazi hii, anyang'anywe pistole, atafutwe kijana wa garaji. Wengine wanasema mashine iuzwe kabla haijala makuta yote ya likelemba. Mkutano wa kuamua ni siku ya posho. Wanatuuliza: nani ana haki?

Jibu letu tunaliweka hapa mwanzoni, tusiwachoshe. Msiuze mashine, wala msimnyang'anye mtoto pistole, kabla hamjapima upepo. Dalili zote mlizoandika zinaelekea kwenye upepo. Mkono wa binti bado haujapimwa hata siku moja.

Upepo unafanya nini kwa rangi

Pistole ya rangi ina ukoo na kazi ya udaktari. Katika mji wa Toledo, Marekani, daktari Allen DeVilbiss alitengeneza mwishoni mwa karne ya 19 chombo cha kupuliza dawa kama ukungu ndani ya koo la mgonjwa. Mwanawe Thomas akafuata njia ileile, na mwaka 1907 wakapata pistole ya kupulizia rangi. Tunalitaja jambo hili kwa sababu litatusaidia tutakapofika kwenye afya.

Ndani ya pistole, rangi inatoka katika tundu dogo, na upepo unatoka mbio kando yake. Upepo unaikatakata rangi kuwa matone madogo. Matone yakifika kwenye mbao yakiwa bado na unyevu, yanalala, yanaungana, na uso unakuwa laini kama kioo.

Mama anayepepeta mchele anajua somo hili tayari. Akipepeta kwa uvivu, makapi hayatoki. Akipepeta kwa nguvu mno, mchele wenyewe unaruka nje ya lungo. Pistole ni vivyo hivyo:

Upepo ukiwa mdogo, matone yanabaki makubwa na mazito. Yanafika kwenye mbao lakini hayalali vizuri, na uso unakuwa na vibonde kama ngozi ya chungwa.

Upepo ukizidi, matone yanakuwa madogo kama vumbi. Mengine yanakauka njiani na kufika yakiwa makavu: huo ndio mchanga uliokwaruza mkono wa mwenye kabati. Mengine yanagonga mbao na kurudi nyuma kama ukungu: hayo ndiyo yaliyokwenda kwenye nguo za jirani. Na rangi yote iliyogeuka ukungu mlikuwa mmeinunua. Ndiyo maana iliishia kwenye mlango wa pili. Hata ikitumiwa vizuri, pistole ya kawaida inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya rangi hewani. Kwenye bari 5 hasara inaongezeka tena.

Kwanza rangi, kisha upepo

Watu wengi wanaongeza upepo kwa sababu rangi yao ni nzito. Wanataka nguvu ifanye kazi ya diliani, ile dawa ya kulainisha rangi. Hapo ndipo makosa yanaanza. Kabla ya kugusa saa ya upepo, tengenezeni rangi.

Soma kopo la rangi ujue ni diliani gani inayotakiwa na ni kiasi gani. Koroga mpaka chini. Kisha chuja rangi kwa kipande safi cha soksi ndefu za wanawake, kwa sababu ganda dogo la rangi kavu linatosha kuziba tundu la pistole.

Ili uzito wa rangi uwe uleule kila siku, chukueni kopo dogo, mlitoboe chini kwa msumari mwembamba, na mlitunze kwa kazi hiyo tu. Lijaze rangi, kisha hesabu sekunde mpaka mkondo ukatike. Siku rangi inapolala vizuri, andikeni hesabu hiyo katika kaye ya kikundi. Siku nyingine, rangi ya aina ileile ikichukua muda mrefu zaidi, ni nzito, iongezewe diliani kidogo. Ikiisha upesi, ni nyepesi mno. Kopo hilo halina bei, lakini litaokoa rangi nyingi.

Kutafuta kipimo kwa kartoni

Nguvu ya upepo hupimwa kwa bari. Saa nyingi zina mistari miwili ya hesabu: mmoja wa bari, mwingine wa psi. Bari 1 ni karibu psi 14.5. Basi fundi akisema "weka 30", anasema psi, nayo ni karibu bari 2. Tunawaomba mabinti waandike jambo hili kwenye ukuta wa atelie, maana kuchanganya mistari hii miwili kunaharibu kazi nyingi.

Jambo la pili ni hili. Kompresere inaweza kuwa na bari 8 ndani ya tangi, lakini pistole haihitaji hizo zote. Kifungo cha kupunguzia upepo ndicho kinachoamua ni kiasi gani kinakwenda kwenye mpira. Tena, hesabu ya saa husomwa wakati kifyatuo kimevutwa na upepo unatoka. Ukisoma pistole ikiwa imelala, saa inakudanganya, kwa sababu upepo ukianza kutembea hesabu inashuka. Na mpira ukiwa mrefu na mwembamba, upepo unapungua pia njiani. Pistole ikiwa na saa yake ndogo kwenye mshikio, someni hiyo.

Sasa chukueni kartoni kubwa, msimamishe ukutani. Fanyeni hivi:

1. Wekeni upepo kwenye bari 1.5, kifyatuo kikiwa kimevutwa.

2. Shika pistole mbali na kartoni sentimeta 15 hadi 20, yaani kama shubiri moja ya mtu mzima. Vuta kifyatuo, hesabu moja, achia.

3. Angalia alama. Ikiwa na matone makubwa na rangi nyingi katikati, ongeza upepo kidogo sana, kama robo ya bari. Piga alama nyingine pembeni.

4. Endelea hivyo mpaka alama iwe ndefu, sawa juu na chini, yenye matone madogo yanayofanana. Hapo simama. Andika hesabu ndani ya kaye.

Hatua hiyo ya nne ndiyo kiini cha somo lote: upepo mzuri ni ule mdogo kabisa unaovunja rangi sawasawa. Ukishaupata, kila kitu unachoongeza juu yake ni ukungu.

Kwa pistole ya kawaida, verni na rangi za mbao mara nyingi hukubali kati ya bari 2 na 3. Zile zilizoandikwa HVLP, zilizotengenezwa kupuliza hewa nyingi kwa nguvu ndogo, mara nyingi hutaka karibu bari 2 kwenye mshikio. Kama pistole yenu ina hesabu iliyochorwa kwenye mwili wake, ifuateni hiyo. Katika hali zote mbili, bari 5 ya yule fundi ilikuwa mbali sana.

Alama za kartoni zinasema mengine pia. Ikiwa katikati pamekonda na ncha mbili zimenenepa, kama hesabu ya nane, upepo umezidi au rangi ni nyepesi mno. Ikiwa imepinda kama ndizi, pengine tundu moja la kofia ya upepo limeziba. Geuza kofia ile nusu mzunguko, upige tena. Ndizi ikigeuka upande wa pili, uchafu uko kwenye kofia. Ikibaki palepale, uchafu uko kwenye tundu la rangi. Osha kwa diliani na brashi laini, wala usichokonoe kwa msumari, kwa sababu tundu likichubuka halitapiga sawa tena.

Matone ya chini ya mlango

Bado dalili moja: matone makubwa yaliyoonekana mwishoni mwa kila mlango. Kama mwanzo wa mlango ni mzuri na mwisho unatema, chunguzeni tangi kwanza. Tufanye hesabu pamoja, kama darasani.

Tangi ya lita 50 ikishuka kutoka bari 8 hadi bari 3 imetoa 50 × 5, yaani lita 250 za hewa. Tuseme pistole inakula lita 200 kwa dakika moja. Akiba hiyo itaisha kwa zaidi kidogo ya dakika moja. Motere inaongeza kiasi fulani wakati huo, lakini ikiwa ndogo haiwezi kushindana na pistole. Upepo unashuka binti akiwa bado amevuta kifyatuo, na matone yananenepa.

Na sisi wa Bukavu na Goma tunakaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kompresere yetu inachelewa zaidi kujaza. Dawa yake ni subira. Paka mlango mmoja, achia kifyatuo, ngoja saa ipande, endelea. Haraka haraka haina baraka, na hapa baraka yenyewe inaonekana kwenye saa.

Kuna pia maji. Hewa ikibanwa ndani ya tangi, unyevu wake unageuka maji, hasa wakati wetu wa mvua. Maji hayo yakitoka na upepo yanaacha vishimo vidogo kwenye rangi. Kila jioni, upepo ukishapunguzwa, fungueni kifungo kilicho chini ya tangi, maji yatoke. Na siku ya mvua nzito msipake verni. Verni nyingine hunyonya unyevu wa hewa na kuwa na wingu jeupe.

Hapo ndipo mkono unapimwa

Upepo ukiwa sawa, sasa mwangalieni binti. Anatembea sambamba na mlango, au anazungusha kiwiko kama anayefagia? Akizungusha, katikati panapata rangi nyingi na pembeni panakosa. Anaanza kutembea kabla ya kuvuta kifyatuo? Kila mstari unafunika nusu ya mstari uliotangulia? Akienda pole mno au karibu mno, rangi inateremka kama machozi. Mambo haya yanafundishika. Mtoto mwenye macho na hamu atayashika kwa kurudia kwenye kartoni, bila kuharibu mlango wa mtu.

Watu husema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu anayetafuta sababu. Lakini mkulima aliyepewa jembe lenye mpini uliolegea, hatuwezi kusema hajui kulima. Binti huyu alikabidhiwa mashine iliyowekwa vibaya na mtu aliyeitwa fundi, kisha akalaumiwa yeye. Na kijana wa garaji, akiletwa akaikuta kwenye bari 5, atatoa mchanga uleule.

Ukungu na watoto wetu

Tulisema kwamba chombo hiki kilizaliwa kwa kupuliza dawa kooni. Basi tukumbuke kwamba kinachofika kooni kwa wepesi ni matone madogo, na upepo ukizidi tunayatengeneza kwa wingi. Kupunguza upepo ni kulinda makuta, na ni kulinda pumzi pia. Lakini hakutoshi peke yake. Kwa hiyo:

Pakeni mahali penye hewa wazi, mbali na nyumba, jiko na nguo. Watoto na mama mwenye mimba wakae mbali mpaka ukungu uishe na harufu ipotee.

Kitambaa puani kinazuia vumbi kidogo, lakini mvuke wa diliani unapita. Nunueni barakoa yenye vichujio vya makaa kwa ajili ya anayepaka. Hesabuni bei yake pamoja na bei ya mashine. Rangi za gari zinazochanganywa na dawa ya kuzifanya ngumu zinaweza kuleta ugonjwa wa pumu. Hizo msizipulize nyumbani kabisa.

Chagueni rangi iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi. OMS inasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Kwa sababu hiyo pia, rangi ya zamani isiyojulikana msiisugue ikiwa kavu uani.

Mbabula, sigara na mshumaa vikae mbali. Mvuke wa diliani unashika moto upesi.

Diliani isiwekwe kamwe ndani ya chupa ya maji au ya juu. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, msimtapishe: mpelekeni mara moja kwenye kituo cha afya, pamoja na kopo lenyewe.

Na pistole haielekezwi kwa mtu, hata kwa mchezo.

Kuhusu siku ya posho

Kabati ile haijafa. Iacheni ikauke kabisa, isugueni kwa karatasi ya msasa laini iliyoloweshwa mpaka uso uwe sawa, pangusa, ikauke tena, kisha binti apake upya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kaye. Mwenye kabati ajulishwe kwamba kazi itarudiwa bila kumlipisha. Gharama hiyo ibebwe na kikundi chote, kwa kuwa mashine ni ya wote. Haifai kumtwisha mtoto mmoja.

Kabla ya kupiga kura, fanyeni kazi hii ya nyumbani. Chukueni kartoni tatu. Binti apake ya kwanza kwa bari 5, ya pili kwa bari 1, ya tatu kwa kipimo alichokitafuta mwenyewe kwa hatua tulizoandika. Zikikauka, zipelekeni mkutanoni. Kila mama azipapase kwa mkono, hata yule asiyejua kusoma. Kisha msemeeni binti haki yake, au mumwonyeshe anapohitaji kujifunza zaidi, kwa sababu mtakuwa mmeona kwa macho na mmegusa kwa mikono.

Makuta ya likelemba yametoka katika unga na mboga za nyumba nyingi. Tunaelewa hofu ya wale wanaotaka kuuza. Lakini ujuzi wa mtoto nao ni akiba ya kikundi, na ukimvunja moyo katika kazi yake ya kwanza, si rahisi kuurudisha. Geuzeni kifungo cha upepo kwanza. Mengine yatafuata.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuosha na kutunza pistole, ili isizibe kabla ya kazi ya pili. Mwenye swali atuletee kama kawaida. Tunawatakia mkutano wa amani.